Hai au Maiti: Njiapanda ya Msakaji katika Filamu za Kauboi na Somo Lake kwa Mtahiniwa

Utangulizi

Swali la mgogoro ni miongoni mwa maswali yanayowapiga chenga watahiniwa wengi wa fasihi. Mtahiniwa anapotakiwa kueleza mgogoro unaomkumba mhusika, aghalabu huorodhesha magomvi: huyu alimpiga yule, yule akamtukana huyu. Akifika kwenye mgogoro wa nafsi, yaani vita ambavyo mhusika anavipigana ndani ya moyo wake mwenyewe, huandika sentensi moja tu kwamba mhusika “alichanganyikiwa asijue la kufanya”, kisha akahamia hoja nyingine. Alama zinamponyoka hivi hivi.

Makala haya yananuia kuufafanua mgogoro wa nafsi kwa kumchunguza mhusika mmoja mashuhuri wa filamu za kauboi za Marekani: mtu anayewasaka wahalifu ili alipwe zawadi iliyotangazwa juu ya vichwa vyao. Hapa tutamwita msakaji. Tumemteua kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake yenyewe ni njiapanda, kwa kuwa kila siku anauza kitu ambacho hakipaswi kuuzwa. Pili, mhusika huyu hayumo katika orodha ya vitabu teule, kwa hivyo hakuna mwongozo uliokwisha kumtafunia mwanafunzi majibu. Itambidi afikiri mwenyewe.

Kazi mbili zitatuongoza: mfululizo wa televisheni uitwao Wanted: Dead or Alive, yaani “Anatafutwa: Hai au Maiti”, na filamu iitwayo The Naked Spur. Hoja yetu kuu ni kwamba njiapanda ya kweli haipatikani pale mhusika anapochagua kati ya wema na ubaya. Hupatikana pale sheria inapomruhusu mtu kutenda jambo ambalo utu wake hauwezi kulistahimili.

Usuli wa mhusika huyu

Haifai kumjadili mhusika bila kuielewa jamii iliyomzaa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, eneo la magharibi mwa Marekani lilikuwa pana, maafisa wa usalama walikuwa wachache, na mhalifu aliweza kuvuka mpaka wa jimbo akatoweka. Ndipo magavana, kampuni za reli na benki zilipotangaza zawadi za fedha kwa yeyote atakayewanasa watoro. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo, katika kesi ya Taylor dhidi ya Taintor ya mwaka 1872, ilikiri kwamba mdhamini wa mshtakiwa aliyetoroka anaweza kumfuata hadi jimbo jingine na hata kuvunja mlango wa nyumba yake ili amkamate. Kwa ufupi, raia asiye askari alipewa nafasi ya kufanya kazi ya askari, na serikali haikumwuliza sana alikuwa na nia gani moyoni.

Kisa cha Jesse James kinadhihirisha ugumu wa jambo hili. Mwaka 1881 gavana wa Missouri, Thomas Crittenden, alitangaza zawadi ya dola 5,000 kwa kila mmoja wa ndugu wawili, Frank na Jesse. Tarehe 3 Aprili 1882, Robert Ford, aliyekuwa mfuasi wa Jesse mwenyewe, alimpiga risasi kwa nyuma akiwa nyumbani kwake mjini St. Joseph. Robert na kakake Charley walikiri kosa la mauaji, wakahukumiwa kunyongwa, na gavana akawasamehe siku iyo hiyo. Sheria iliwaachilia. Umma haukuwaachilia, kwani nyimbo za watu zilimfanya Jesse kuwa shujaa na Robert kuwa mwoga. Robert naye aliuawa kwa risasi mwaka 1892 huko Creede, Colorado.

Mwalimu mwenzangu, waulize wanafunzi wako swali hili kabla ya kuendelea: iwapo serikali ilitaka Jesse afe, kwa nini watu walimdharau aliyemwua? Majibu watakayoyatoa ndiyo mlango wa mada yetu.

Uzito wa neno “au”

Tuanze na anwani ya mfululizo wetu. Katika maneno “hai au maiti”, kiunganishi “au” kinabeba uzito wote. Kinamwambia msakaji kwamba bei ni ile ile. Mtu aliye hai atahitaji kulishwa, kulindwa usiku na kuzuiwa asitoroke. Maiti haihitaji chochote isipokuwa farasi wa kuibeba. Kwa mtazamo wa hesabu peke yake, maiti ina faida zaidi. Tangazo halimwamuru msakaji aue. Linamfungulia mlango tu, kisha linamwacha na dhamiri yake.

Uteuzi wa neno dogo kama hili ni kipengele cha mtindo ambacho watahiniwa hukipuuza. Wao huona tashbihi na takriri, ilhali kiunganishi kimoja kinaweza kuwa chanzo cha mgogoro wa kazi nzima.

Josh Randall: njiapanda iliyolainishwa

Wanted: Dead or Alive ilionyeshwa na kituo cha CBS kuanzia mwaka 1958 hadi 1961, ikawa na vipindi 94 vya nusu saa kila kimoja, vyote katika rangi nyeusi na nyeupe. Mhusika mkuu, Josh Randall, aliigizwa na Steve McQueen, na alikuwa amekwisha kutambulishwa mapema mwaka 1958 katika mfululizo mwingine ulioitwa Trackdown. Hizo ndizo zilizokuwa enzi za filamu za kauboi katika televisheni ya Marekani.

Randall amesawiriwa kama mwanajeshi wa zamani wa upande wa Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Bunduki yake fupi, iliyokatwa mtutu na kitako, huning’inia kiunoni mwake. Silaha hiyo inatisha, lakini mwenyewe ni mpole. Mara nyingi huwagawia wahitaji fedha alizozipata, na mateka wake akiwa amesingiziwa, Randall humtetea badala ya kumkabidhi tu.

Mtahiniwa wa kawaida atasema: “Josh Randall ni mkarimu na mpenda haki.” Ni kweli, na atapata alama zake. Hata hivyo, mhakiki hana budi kwenda mbele na kuuliza sifa hizi zina kazi gani katika ploti. Jibu ni kwamba zinamwondolea mhusika mzigo. Iwapo mateka hana hatia, kumwachilia si njiapanda. Ni wajibu ulio wazi. Iwapo fedha zinaishia mikononi mwa mjane, msakaji hawezi kulaumiwa kwa tamaa. Mtunzi anaweka swali zito mezani, kisha analiondoa kabla ya mtazamaji kulionja.

Tusimlaumu mtunzi bila kuitazama fani yake. Kipindi cha nusu saa sharti kifunge mgogoro wake kabla ya muda kwisha, na mhusika mkuu sharti arudi wiki inayofuata akiwa yule yule. Mhusika anayesambaratika moyoni hawezi kupanda farasi kila wiki. Umbo la kazi limeamua kina cha mgogoro. Vivyo hivyo, hatutarajii hadithi fupi ya kurasa nne imkuze mhusika kama riwaya inavyomkuza.

Howard Kemp: njiapanda isiyo na pa kujifichia

The Naked Spur ilitolewa mwaka 1953, miaka mitano kabla ya mfululizo wa Randall kuanza. Iliongozwa na Anthony Mann, na waandishi wake, Sam Rolfe na Harold Jack Bloom, waliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ina wahusika watano tu wenye majina na usemi wa kutosha, jambo linaloifanya ifanane na tamthilia kuliko filamu nyingi za aina yake. Mandhari ni milima ya Colorado mwaka 1868.

Howard Kemp, aliyeigizwa na James Stewart, anamwandama Ben Vandergroat, anayetafutwa kwa kosa la kumwua afisa wa usalama wa mji wa Abilene, Kansas. Njiani anakutana na mzee Jesse Tate, ambaye maisha yake yote ametafuta dhahabu asiipate. Kemp anamlipa dola 20 amsaidie. Mzee anadhani Kemp ni afisa wa sheria, naye Kemp hamsahihishi. Baadaye anajiunga nao Roy Anderson, afisa aliyefutwa jeshini kwa aibu, ambaye barua yake ya kufutwa inamtaja kuwa mtu asiye imara kimaadili. Wanamnasa Ben pamoja na Lina Patch, binti wa rafiki yake marehemu.

Hapo ndipo Ben anapowafunulia wenzake Kemp siri: Kemp si afisa, na kichwa cha Ben kina bei ya dola 5,000. Papo hapo wasaidizi wanageuka washirika na kudai mafungu yao. Ben amefungwa mikono, lakini hesabu anaijua. Anawakumbusha kwamba dola 5,000 zikigawiwa watu watatu ni kitu kimoja, na zikigawiwa wawili ni kitu kingine. Kuanzia hapo hana haja ya silaha. Tamaa yao inamtosha. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, na methali hii inawatimia wahusika watatu: mzee Tate anaahidiwa mgodi wa dhahabu, anamfungulia Ben, na Ben anamwua kwa bunduki, Ben mwenyewe anauawa, naye Roy anakufa mtoni akijaribu kuiopoa maiti ya Ben, kwa sababu maiti hiyo bado ni fedha.

Sababu ya Kemp kufanya kazi hii inafunuliwa anapojeruhiwa na kuweweseka kwa homa. Kabla ya kwenda vitani alikuwa ameandikisha ranchi yake kwa jina la mchumba wake, Mary. Mary aliiuza akatoroka na mwanamume mwingine. Kemp anazitaka dola 5,000 ili ainunue tena ardhi yake mwenyewe. Hapa mtunzi ametumia homa kama njia ya kutupeleka nyuma bila kuukatiza mwendo wa hadithi. Mtahiniwa atambue kwamba mbinu hii inabadilisha hukumu yetu juu ya Kemp. Tulimwona mlafi, sasa tunamwona mtu aliyedhulumiwa ambaye anaigeuza dhuluma hiyo kuwa hoja ya kumwuza mwingine.

Kwa nini hii ni njiapanda ya kweli? Tazama jinsi mtunzi alivyoifunga milango ambayo Randall huitorokea. Ben ana hatia; amewaua watu. Sheria inamtafuta na inaunga mkono kukamatwa kwake. Ranchi ya Kemp ilipotea kwa hila, na madai yake yana haki. Hakuna mjane wa kugawiwa fedha. Kila hoja ya nje inamwambia Kemp achukue zawadi yake. Linalompinga ni moja tu, nalo limo ndani yake: anajua kwamba kila hatua ya safari hii inamfanya afanane zaidi na watu anaowachukia.

Kilele cha hadithi

Katika mapambano ya mwisho, Kemp anapanda jabali akitumia chuma cha kisigino, kile kinachotumiwa na mpanda farasi kumchochea mnyama wake, kama mkuki wa kujishikiza kwenye mwamba. Kisha anamrushia Ben usoni. Ben anapepesuka, na risasi za Roy kutoka ng’ambo ya mto zinamwangusha majini. Chuma hiki ndicho kilichoipa filamu anwani yake, nacho ni jazanda ya tamaa inayomchochea Kemp kama vile farasi anavyochochewa, bila kuulizwa anakotaka kwenda.

Baada ya Roy kufa, Kemp anaiburuta maiti hadi nchi kavu. Sasa hana wa kugawana naye. Anapiga kelele kwamba ataipeleka maiti kwenye zawadi yake, atainunua ranchi, na hajali lingine. Lina hampingi. Anamwambia kwamba atakwenda naye na ataolewa naye hata akiiuza. Maneno hayo ya upole ndiyo yanayomvunja. Angemlaani, Kemp angejitetea na kushikilia uamuzi wake. Alipokubaliwa jinsi alivyo, hakubaki na adui wa kupigana naye ila nafsi yake. Anaangua kilio, anachukua sepetu, na kumzika Ben. Ranchi anaiacha, na safari inaelekea California.

Tendo la kuzika ndilo jibu la filamu kwa neno “au”. Bidhaa haizikwi, mtu ndiye anayezikwa. Kwa kuchimba kaburi, Kemp anairudisha maiti katika ubinadamu, naye anarudi pamoja nayo.

Dosari mbili

Uhakiki si kusifu tu. Filamu hii ina dosari mbili ambazo msomaji makini hana budi kuzitaja.

Ya kwanza ni ya ploti. Ben anauawa na Roy, hivyo Kemp hakulazimika kuamua la kufanya na mhalifu aliye hai. Je, angemwachilia mwuaji? Angempeleka mahakamani na kuikataa zawadi? Swali hilo gumu zaidi limepunguzwa makali na risasi ya mtu mwingine. Hata mtunzi huyu jasiri ameacha mlango mmoja wazi.

Ya pili ni ya maudhui, na ni nzito zaidi. Katikati ya filamu, kundi la Wenyeji wa Marekani wa kabila la Blackfeet linamfuata Roy kwa sababu amemtenda uovu binti wa mkuu wao. Dai lao ni la haki kuliko madai yote mengine katika hadithi hii. Hata hivyo wanashambuliwa ghafla na kuuawa, Kemp akiwa miongoni mwa wanaowaua. Hawana majina, hawasemi, na hatuoni wakizikwa. Filamu inayotumia saa nzima na nusu kuuliza kama maiti ya mzungu mmoja inaweza kuuzwa inaziacha maiti nyingi nyingine zikiwa zimelala nyasini bila swali lolote. Kinaya hiki hakikukusudiwa na mtunzi, lakini kimo. Mwanafunzi akifunzwa kuuliza “ni nani asiyehesabiwa katika kazi hii?”, amepata chombo kitakachomfaa katika kitabu chochote atakachotahiniwa.

Kulinganisha na kazi tunazozifahamu

Wasomaji wa Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia ambayo iliwahi kutahiniwa katika shule zetu, watakumbuka kwamba Gege anamwua nduguye Mwelusi kwa ahadi ya kuozwa Alida, bintiye mtawala Bokono. Hapo pia utawala unaweka bei juu ya kichwa cha mtu na kumwachia mwingine atende. Ulinganishi huu una faida darasani. Mwelusi hana hatia na Ben anayo, lakini swali linalowakabili Gege na Kemp linakaribiana: mtu akishaonyeshwa bei, je, bado anamwona mtu? Gege anaona Alida. Kemp, kwa kuchelewa sana, anaona kaburi linalohitaji kuchimbwa.

Namna ya kulijibu swali la mgogoro wa nafsi

Mtahiniwa azingatie hatua nne zifuatazo:

1. Ataje pande mbili za mgogoro kwa uwazi. Kwa Kemp, upande mmoja ni kuirejesha ranchi. Upande wa pili ni kubaki mtu asiyeuza watu.

2. Aonyeshe kwamba kila upande una gharama. Iwapo upande mmoja hauna gharama yoyote, hapo hakuna njiapanda.

3. Atoe ushahidi wa matendo na usemi. Homa, kilio na sepetu ni ushahidi. “Alichanganyikiwa” si ushahidi.

4. Aeleze jinsi mgogoro unavyosuluhishwa na suluhu hiyo inafichua nini kuhusu mhusika na dhamira ya mtunzi.

Jibu dhaifu litasema: “Kemp alikuwa na tamaa lakini mwishowe akawa mwema.” Jibu lenye kina litasema: “Kemp anatatizika kwa kuwa haki yake ya kuipata ranchi inategemea kumgeuza Ben kuwa bidhaa. Lina anapomkubali bila masharti, anakosa kisingizio, na tendo lake la kumzika Ben linaonyesha kuwa amechagua utu kwa gharama ya mali.” Majibu yote mawili yanamzungumzia mhusika yule yule, lakini ni la pili tu linaloonyesha kwamba mtahiniwa ameuona mgogoro.

Hitimisho

Mfululizo wa Josh Randall unatufariji kwamba mtu mwema anaweza kufanya kazi chafu na kubaki safi. The Naked Spur haitufariji hivyo. Inasema kwamba kazi humchafua mtu hata akiwa na sababu nzuri, na kwamba kuiacha kuna hasara ambayo hakuna atakayemlipa. Wanafunzi wetu watakutana na bei za namna hii nje ya chumba cha mtihani: ajira, kura, ushahidi wa uongo, nafasi ya kumchongea mwenzao. Anayefunzwa kuuona mgogoro wa nafsi katika hadithi atautambua utakapobisha hodi kwake.

Maswali ya kudurusu

1. “Sheria inaweza kuruhusu jambo ambalo utu unalikataa.” Thibitisha kauli hii kwa kurejelea mhusika Howard Kemp. (alama 20)

2. Linganisha usawiri wa Josh Randall na ule wa Howard Kemp, kisha ueleze jinsi umbo la kila kazi lilivyoathiri kina cha mgogoro wa mhusika. (alama 20)

3. Teua mhusika mmoja katika kitabu teule unachokisoma ambaye ameonyeshwa bei ya mwenzake. Eleza pande mbili za mgogoro wake wa nafsi na gharama ya kila upande. (alama 20)